Deni la ubuyu

"Hata mbuyu ulianza kama mchicha." Sidhani yuko mtu humu kambini ambaye hajaambiwa methali hii. Ukilalamika kwamba biashara yako ya mandazi haisogei, unaambiwa. Ukisema umengoja mahojiano miaka tisa na simu haijalia, unaambiwa. Watoa semina wanaipenda, wachungaji wanaipenda, na sisi wenyewe tunawapa watoto wetu wakifeli hesabu. Na kusema kweli haina uongo ndani yake. Mche wa mbuyu ukitoka ardhini ni kitu kidogo, laini, kama mboga ya kung'oa na kutia kwenye sufuria.

Lakini kuna jambo methali imelinyamazia. Mchicha unaupanda leo, baada ya wiki nne umeshaula. Mbuyu uliopandwa kwa mbegu unaweza kukaa miaka 15 hadi 20, na pengine zaidi, kabla hujaona buyu la kwanza. Halafu unaendelea kuishi mamia ya miaka baada ya jina lako kusahaulika. Aliyetunga methali alikuwa mtu mwenye kwao. Hakuwaza kwamba kati ya mchicha na mbuyu mtu anaweza kuambiwa afunge mizigo.

Basi swali langu ni hili: je, mtu aliyeambiwa kwamba yuko mahali kwa muda tu ana haki ya kupanda mti wa miaka elfu? Siulizi kama anaweza. Kuweza anaweza, na nitaeleza jinsi. Nauliza kama ni sawa. Sawa kwa watoto wake wanaohitaji maji yale, sawa kwa kijiji alichokimbia, na sawa kwa wenye ardhi hii.

Nianze na kazi yenyewe, maana wengi wanabishana juu ya mbuyu na mbegu yake hawajaishika isipokuwa mdomoni.

Mbegu ni ile ile ya ubuyu. Lakini ule ubuyu mwekundu wa dukani, uliopikwa kwa sukari na rangi, usiutegemee, umeshapita motoni. Tafuta ubuyu mweupe, mkavu, ule unaoletwa sokoni kutoka pande za Kitui au Pwani. Unamumunya unga wake, au unauloweka upate juisi, na mbegu zinabaki: umbo kama punje ya haragwe dogo, rangi ya kahawia nzito, ngumu kama kokoto. Ugumu huo ndio shida ya kwanza. Porini mbegu hupita tumboni mwa tembo au nyani na kutoka ganda likiwa limelainika. Sisi hatuna tembo. Kwa hiyo unaisugua mbegu kwenye saruji au jiwe lenye makwaruzo, upande mmoja tu, mpaka ganda liishe na uone weupe kidogo. Usisugue mpaka ndani. Kisha unachemsha maji, unaepua, unazimwagia mbegu na kuziacha humo usiku na mchana mzima. Zitakazovimba ndizo za kupanda. Zisizovimba, rudia. Ukizipanda hivi hivi bila kuzisumbua, nyingi zitalala tu udongoni na chache ndizo zitakazoota.

Udongo: mafungu mawili ya mchanga wa laga, fungu moja la samadi ya mbuzi iliyokaa. Chombo kiwe kirefu kuliko upana wake, kwa sababu mbuyu hupeleka mzizi chini kwanza, mzizi mnene kama karoti, kabla haujajishughulisha sana na majani. Kopo la mafuta ya mgao linafaa. Toboa matundu ya msumari chini yake. Fukia mbegu kina cha pingili moja ya kidole. Weka penye joto, na joto hapa Kakuma hatuazimi kwa mtu. Baada ya wiki moja hadi nne, mche unatoka.

Hapo watu wanakata tamaa, kwa sababu kinachotoka hakifanani na mbuyu. Majani ya mbuyu mkubwa yamegawanyika kama vidole vya mkono, vitano au saba. Ndiyo maana wataalamu wakauita Adansonia digitata, yaani wa vidole. Mche wenyewe unaanza na jani moja moja, zima, la kawaida kabisa. Kuna watu wameishi karibu na mibuyu maisha yao yote wakiamini kwamba mti ule hauna watoto, kumbe wamewapita watoto wake njiani bila kuwatambua. Mimi hilo nalifikiria nikiwaangalia vijana wetu waliozaliwa hapa. Tunasema hawana kwao usoni, wanaongea Kiswahili cha Nairobi, hawaijui Fizi wala Uvira. Sisi tumeangalia jani la kwanza tu.

Sasa niende kwenye maswali matatu.

La kwanza ni la maji, na ndilo ninaloliheshimu zaidi kwa sababu anayeliuliza ana mtungi kichwani. Mama aliyeamka saa kumi alfajiri kupanga foleni ya bomba ana haki ya kukuuliza: maji ya kunywa hayatoshi, na wewe unanywesha mti? Tena mti wa mashetani?

Kuhusu mashetani sitamcheka mtu. Mti mnene hivyo, wenye shimo tumboni ambamo watu kadhaa wanaweza kuingia, unaochanua usiku maua meupe makubwa yanayofuatwa na popo, si ajabu watu wakauogopa. Na hofu hiyo imeilinda mibuyu mingi ya Pwani kuliko walinzi wa msitu. Kuhusu maji, jibu langu ni la kikombe. Mche wa mbuyu unatosheka na kikombe kimoja mara mbili kwa wiki, na maji ya kuoshea mchele yanatosha. Ukizidisha, mzizi unaoza. Mibuyu ya nyumbani inakufa kwa kuhurumiwa kuliko inavyokufa kwa kiu. Ukame ukija, mti unaangusha majani yote, unalala, na ukilala hutakiwi kuunywesha. Mchicha ukikosa maji siku tatu katika jua hili, umeshaaga.

Ila sitaki kushinda kwa hesabu ya vikombe tu. Ninachosema ni hiki: kama siku moja itabidi kuchagua kati ya mtoto mwenye kiu na mti, hakuna mjadala wala semina. Mti unaodai maji ya mtoto ni dhambi, hata uwe mzuri namna gani, hata uwe na picha kwenye ripoti ya wafadhili. Mbuyu unaruhusiwa hapa kwa sababu siku hiyo ikifika unaweza kuambiwa ungoje, nao ukangoja.

Wengine wanaongeza: basi panda mti wa faida, wa kuni. Tunajua kuni zimefanya nini hapa. Tangu kambi ilipoanza mwaka 1992, ugomvi mwingi kati yetu na wenyeji umeanzia kwenye mti uliokatwa, na wanaoumia ni wanawake na wasichana waliotumwa kuokota. Mbuyu hauna kuni. Mti wake ni kama sponji, umejaa maji na nyuzi; ukifa unabomoka, unakuwa rundo la kamba zilizooza. Haufai mbao, haufai makaa. Lakini mimi naona hiyo ndiyo faida yake ya kwanza katika mahali kama hapa: hakuna atakayeugombania usiku kwa panga. Majani yake ni mboga. Unga wa buyu una vitamini C nyingi kupita chungwa. Gome linatoa kamba, na ukilivua kwa adabu linaota tena, jambo ambalo miti mingi haiwezi. Mingine ukiizungushia kisu kiunoni imekufa.

Swali la pili ni la nyumbani. Jirani yangu mmoja, mzee wa Fizi ambaye tumekaa naye mtaa mmoja miaka mingi, alisimama mbele ya makopo yangu akatikisa kichwa.

"Weye unapanda muti ya miaka elfu," akasema, "na siye tuko wapita njia? Basi umeshaamua. Hautarudi."

"Hapana, mzee wangu, sijaamua."

"Mudomo yako ndiyo inasema hivyo. Muti inasema ingine."

Nimelibeba neno hilo kwa muda mrefu. Mzee hakuwa anatania. Kwake yeye, kila kitu cha kudumu kinachofanywa hapa ni matofali yanayotolewa kwenye nyumba ya kule. Ndiyo maana mpaka leo analala chini ya turubai, ingawa amepewa nafasi ya kujenga kwa udongo. Ni njia yake ya kuweka ahadi, na mimi si mtu wa kumfundisha uaminifu.

Lakini tuangalie hiyo "kwa muda" ina urefu gani. Warundi waliokimbia mwaka 1972 na kupelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu huko Tanzania, nao walikuwa wageni wa muda. Zaidi ya miaka 35 baadaye, zaidi ya 160,000 kati yao na watoto wao wakaingizwa katika mpango wa kupewa uraia wa Tanzania. Nakivale, Uganda, imepokea wakimbizi tangu karibu mwaka 1960. Kuna watu pale ambao bibi zao walizaliwa katika muda huo wa muda. Hapa kwetu, Machi 2021 serikali iliipa UNHCR siku 14 itoe mpango wa kufunga Dadaab na Kakuma. Siku 14! Mbegu ya mbuyu yenyewe pengine haijatoa kichwa. Baadaye ikatajwa tarehe 30 Juni 2022. Tarehe ikafika, ikapita, tukaamka Julai mosi tukapanga foleni ya maji. Mwaka 2025 ukazinduliwa Mpango wa Shirika, unaosema kambi zigeuke makazi ya pamoja na wenyeji. Karatasi moja inakwambia ondoka, nyingine inakwambia kaa, na zote zina mihuri.

Mbuyu uliosiwa siku ya tangazo la mwaka 2021 leo ungekuwa umempita mtu urefu. Wala usingekuwa umemrudisha mtu kwao au kumzuia. Hapo ndipo ninapotofautiana na mzee wangu. Miaka inakaa hapa iwe tumepanda au hatukupanda. Kukataa kupanda hakujamfikisha hata mmoja wetu Fizi siku moja mapema. Waliorudi walirudi kwa sababu njia ilifunguka, na walioondoka kwenda Kanada au Marekani waliondoka kwa sababu jina lilitoka ubaoni. Hakuna aliyeulizwa kama ana mche kwenye kopo.

Hata hivyo kuna ukweli katika maneno yake ambao siwezi kuuruka. Mti unamfunga mtu. Ukishaungojea miaka mitano, siku ya kuondoka itakuuma mara mbili. Wapo wanaofikiri dawa ni kung'oa na kwenda nao. Mwaka 2022 tulisikia habari za Kilifi: mibuyu mikubwa, ya umri kuliko serikali zote tunazozijua, ilichimbwa kwa mashine ipakiwe kwenye meli kwenda bustani moja katika nchi ya Georgia. Watu wakalalamika, na Rais Ruto akaamuru uchunguzi kama vibali vilitolewa kwa haki. Nilisoma habari ile kwenye simu nikacheka kidogo, cheko la kwetu lile: sisi tunasubiri safari miaka, mbuyu umepata ya kwake bila mahojiano. Baadaye sikucheka. Mti mkubwa ukiung'oa unaacha mizizi yake, na unawaacha popo wake, nyuki wake, na watu waliokuwa wakikutana chini yake kumaliza kesi. Unaweza kuuhamisha usife. Huwezi kuuhamisha na kivuli chake. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa na mtaalamu wa miti.

Kwa hiyo anayepanda mbuyu kambini apande akijua atauacha. Asipande ili uwe wake. Na hapo tumeshaingia kwenye swali la tatu, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, na ambalo sisi wakimbizi tunalikwepa kwa sababu tumezoea kuulizwa juu ya haki zetu kuliko haki za wengine juu yetu.

Ardhi hii ni ya Waturkana. Mgeni akiitazama anasema ni tupu. Si tupu. Kando ya mito ya msimu kama Tarach, miti ina wenyewe. Waturkana wana neno, ekwar: kipande cha msitu wa mtoni ambacho familia fulani ina haki ya matumizi yake, hasa maganda ya migunga yanayolisha mbuzi wakati wa kiangazi. Mgeni anaona mgunga umesimama peke yake anadhani ni wa Mungu. Kumbe una babu na wajukuu. Katika nchi ambayo mti ndio hati ya ardhi, kupanda mti si jambo la mapambo. Ni kusema neno zito bila kufungua mdomo. Mzee wa Fizi alilisikia neno hilo kwa upande wake. Mwenyeji naye analisikia kwa upande wake, na ana sababu.

Ana sababu nyingine pia. Kenya ilishapandiwa mti bila kuulizwa vizuri. Mathenge ililetwa miaka ya 1970 na 1980 ifunike nchi kavu, itoe kuni na kivuli. Ilikuwa msaada, na ilikua haraka, kama misaada inavyopendwa ikue. Ikaenea Baringo, ikaenea Turkana, ikafunga malisho na njia za maji. Miiba yake inatoboa kandambili na kwato. Maganda yake matamu yanaharibu meno ya mbuzi mpaka wenyeji wa Baringo wakampeleka mbuzi kibogoyo mahakamani awe ushahidi dhidi ya serikali. Waliopanda walikuwa na nia njema. Lakini kulikuwa na swali moja dogo ambalo halikupewa uzito: ukishaondoka, nani atabaki na huu mti?

Mimi nilimuuliza mwenye kubaki. Kuna mama mmoja Mturkana anayetuletea makaa, na mara nyingine maziwa. Mbegu zangu zilikuwa 11, zikaota sita. Moja ilioza, moja ililiwa na mbuzi kopo na yote, zikabaki nne. Nikamwonyesha.

"Hii ni nini, mwalimu?"

"Mbuyu, mama. Ule mti mnene wa Kitui."

"Mbuzi inakula?"

"Inakula sana, ikiwa midogo."

Akaigusa kwa kidole. "Na hapa mvua ni kidogo. Nani atapatia maji?"

"Mwaka wa kwanza na wa pili itabidi tuimwagie. Baadaye inajitegemea."

"Wewe ukienda Amerika, itakuwa ya nani?"

Nikamwambia hilo ndilo nilitaka kumuuliza yeye. Alikaa kimya kidogo akifunga gunia lake, halafu akasema: "Mti ni ya mwenye anafukuza mbuzi."

Sikupata jibu bora kuliko hilo kwa yeyote, na nimeuliza watu waliosoma. Kupanda ni kazi ya asubuhi moja. Kufukuza mbuzi ni kazi ya miaka kumi. Sisi tunaheshimu sana mpandaji: tunampiga picha, tunaandika jina lake kwenye kibao, waziri anashika jembe jipya. Halafu mkutano unaisha na mche unaliwa jioni hiyo hiyo. Mama yule ameondoa heshima kwa mpandaji na kuipeleka inapostahili, kwa mlinzi. Na kwa kufanya hivyo amenitoa mimi kwenye kesi ya ardhi. Ninaweza kupanda bila kudai kitu, kwa sababu kupanda peke yake hakudai kitu. Miche miwili alichukua yeye, akaizungushia miiba karibu na boma lake. Mmoja alipewa mwalimu mwenzangu wa shule ya wenyeji. Wa nne uko kwenye kopo. Na ni vizuri kwamba iko zaidi ya mmoja, maana mbuyu ulio peke yake mara nyingi hauzai vizuri. Popo lazima alete poda ya maua kutoka mti mwingine.

Basi jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni ndiyo, kwa masharti: maji yasiwe ya mtoto, ardhi iombwe kwa wenyewe, na mti uachiwe atakayeulinda. Lakini masharti yanaonyesha tu kwamba kupanda si kosa. Bado sijasema kwa nini mtu apande. Kuruhusiwa si sababu.

Sababu inayotolewa kwa kawaida ni matumaini. Panda mti, ni ishara ya matumaini. Samahani, hiyo mimi siitumii. Matumaini ni kitu tunachoombwa sana hapa. Kila mgeni anayekuja na kamera anataka aone tuna matumaini, na kila fomu ina sehemu ya "mipango ya baadaye". Siku nyingine sina matumaini kabisa, na mche unahitaji kikombe chake siku hiyo pia. Kama ningekuwa napanda kwa matumaini, ungeshakufa.

Tena mbuyu wenyewe hautoi dhamana. Mwaka 2018 watafiti waliokuwa wakipima umri wa mibuyu ya kale ya kusini mwa Afrika walitangaza kwamba kati ya 13 iliyo mizee zaidi, tisa ilikuwa imekufa au sehemu zake za kale zaidi zimeanguka tangu mwaka 2005. Mmoja wa Zimbabwe, Panke, ulikuwa na umri wa karibu miaka 2,450. Ule wa Botswana unaoitwa Chapman, ambao wasafiri waliuchora majina yao, ulianguka Januari 2016. Wataalamu wanashuku joto na ukame wa siku hizi. Mti uliokuwepo kabla ya Nabii Isa, umekufa sisi tukiwa tayari na simu za mkononi. Kwa hiyo anayepanda mbuyu kwa sababu "utadumu" amejenga juu ya mchanga.

Wala siwezi kusema napandia wajukuu. Mkulima wa Kitui anaweza kusema hivyo, anajua wajukuu watazaliwa ng'ambo ya ua. Wangu watazaliwa wapi? Labda Uvira, labda Winnipeg, labda hapa. Mtoto atakayeangua buyu la mti wa yule mama, kama mti utafika huko, huenda asijue lugha hata moja kati ya zangu.

Mimi napanda kwa sababu ninadaiwa.

Wengi wetu tuliotoka Kivu na Burundi hatukukua na mibuyu. Tuliiona mara ya kwanza njiani, kupitia dirisha la basi, Singida au Dodoma, imesimama kama watu wanene waliosahaulika uwanjani. Ubuyu nimeula hapa ukimbizini. Watoto wangu wameununua kwa shilingi tano tano. Wakati wa ugonjwa jirani alituletea juisi yake, mgonjwa akanywa alipokataa kila kitu kingine. Kila punje ile ilitoka kwenye mti ambao mtu fulani, miaka mia mbili au mia tano iliyopita, aliuacha usimame. Labda aliupanda. Labda alitupa tu mbegu, halafu mwingine akafukuza mbuzi. Simjui jina, kabila, wala dini. Hakunipandia mimi, asingeweza hata kuniwaza. Lakini nimekula mali yake, na siwezi kumrudishia, kwa sababu deni kama hilo halina njia ya kurudi nyuma. Linalipwa kwenda mbele tu, kwa mtu mwingine asiyejulikana.

Na hapa ndipo jambo hili linapokuwa kubwa kwangu kuliko mti. Mkimbizi anahesabiwa kama mtu wa kupokea. Kadi yangu inaandika ninachopaswa kupata. Hakuna kadi inayoandika ninachopaswa kutoa. Mgao ukipunguzwa tunapiga kelele, na tuna haki, kwa sababu tunakula kupitia kadi hiyo. Lakini mtu anayepokea tu, mwaka wa kwanza mpaka wa ishirini, anaanza kupungua ndani, hata akishiba. Heshima ya mtu mzima iko pia katika kudaiwa na kulipa. Kijijini kwetu mtu ambaye hakuna anayemdai chochote, hata mchango wa msiba, alikuwa ameshahesabiwa na wafu. Kwa kusema nina deni la ubuyu ninadai kitu ambacho hakuna ofisi inaweza kunipa wala kuninyang'anya: nafasi yangu katika mstari wa watu waliokula na kuacha.

Mzee wangu wa Fizi hakubaliani, na tumebaki tukisalimiana vizuri. Juzi aliniambia, kama mti ni deni, basi yeye anadaiwa miembe ya kwao Fizi, iliyopandwa na baba yake, si mibuyu ya watu. Nikamwambia hilo ni sahihi kabisa, na kwamba kokwa ya embe inaota haraka kuliko mbegu ya mbuyu. Hakujibu. Lakini aliuliza kama nina kopo la ziada.

Kwa ndugu wanaosoma haya Nyarugusu, Nakivale, Kyangwali na kwingineko: ukimaliza kumumunya ubuyu mweupe, usiteme mbegu njiani. Uliza kwanza ardhi ni ya nani, na nani anafuga mbuzi karibu. Zungumza na huyo kabla ya kutafuta kopo. Sasa hivi ni kiangazi na mche wangu wa nne umeangusha majani, umebaki kijiti. Wapita njia wananiambia umekufa. Nimeukwaruza kidogo kwa ukucha, na chini ya ganda ni kijani. Siunyweshi mpaka mvua. Anayetaka mbegu, ziko kama 30 kwenye karatasi, aje na kokoto lake la kusugulia.